Kazi na masomo ya masta: tunavyogawa saa

Wengi wenu hapa Fizi na Baraka mmetuuliza: mtu wa kazi anaweza kusoma masta? Anaweza, lakini ajue uzito wake. Katika mfumo wa LMD, masta ni miaka 2 na kredi 120, baada ya lisansi ya miaka 3.

Sisi tunasoma alfajiri, kabla ya kwenda vijijini. Likizo tunaiweka kwa mitihani. Mkubwa wa kazi tunampa tarehe mapema, na nyumbani tunapatana kwamba pesa ya shule ya watoto isiguswe.

Lakini familia zilizokimbia zikifika usiku, daftari tunalifunga. Kredi tulizokwisha kupata hazipotei, na somo tuliloanguka hurudiwa. Mtoto mwenye njaa hangoji.