Utepe Juu ya Matundu ya Friji

Kilichonivuta kwenye lile gari ni utepe. Gari lenyewe, moja ya haya magari ya kulala ambayo wageni huzunguka nayo pwani, lilikuwa limeegeshwa kaskazini mwa Mambrui, kwenye vilima vya mchanga vinavyoelekea Ngomeni. Ubavuni lilikuwa na vifuniko viwili vya plastiki vyenye matundu, kimoja chini karibu na sakafu na kingine juu yake. Vyote vilikuwa vimezibwa kwa utepe mpana wa kijivu, ncha zake zimekandamizwa vizuri hata punje ya mchanga isipate pa kupita. Na hiyo ndiyo iliyokuwa nia. Upepo wa kusi ulikuwa umeshika, na wenye gari, mke na mume waliokuja kuteleza baharini kwa tiara, walikuwa wamechoka kufagia.

"Nani kaziba hapa?" aliuliza fundi niliyefuatana naye. Kabla hajajibiwa alikwisha kuubandua ule wa chini.

Fundi huyu ni mzee wa Mambrui, na ameomba jina lake lisiandikwe. Kwa miaka mingi alihudumia friji za gesi katika zahanati zisizo na umeme, zile zilizotunza chanjo kati ya nyuzi 2 na 8. Siku hizi kazi hiyo imechukuliwa na sola. Wanaomwita sasa ni watu wa magari haya, kwa kuwa mafundi wengi wa friji wanaijua kompresa, na friji za magari haya huendeshwa kwa gesi, hazina kompresa.

"Sikiza mwanangu," aliniambia, utepe umemning'inia kidoleni. "Haya matundu ndiyo pua ya friji. Umeiziba pua, unalala nayo chumba kimoja. Utaamka?"

Alikitoa kifuniko cha chini, akaniinamisha nitazame. Ndani kabisa, nyuma ya bati, palikuwa na mwali wa buluu usiofika ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Juu yake lilisimama bomba jembamba jeusi. Basi. Hapakuwa na mota, feni wala mngurumo wowote. Mwali ule huchemsha maji yaliyochanganywa na amonia. Amonia hupanda kama mvuke, hupoa na kuwa majimaji, kisha hukutana na haidrojeni na kugeuka mvuke tena. Katika kugeuka huko hufyonza joto la ndani ya friji, halafu hurudi kwenye maji na safari ikaanza upya. Mtambo huu ulibuniwa mwaka 1922 na wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, na hadi leo umebaki karibu vilevile. Nilikaa pale nikiutazama moto unaogandisha maji, na sikutaka kuinuka.

Kwa kuwa hakuna pampu, majimaji hayo hurudi chini kwa uzito wake yenyewe. Ndiyo maana jambo la kwanza analofanya mzee ni kuweka pimamaji ndani ya friji. Gari likiinama sana, majimaji hukwama njiani, chungu cha kuchemshia hubaki kikavu na kuungua, na bomba likishaziba ndani halizibuki. Mchangani gari huzama gurudumu moja usiku bila mtu kujua. Mzee hubeba vipande vya mbao kwa ajili hiyo. Ukisikia harufu kali ya amonia au ukaona unga wa njano nyuma ya friji, asema, zima, toka nje, na usirudi kulala humo.

Lakini kinachomkosesha raha ni matundu. Hewa huingia chini, ikalisha mwali na kupoza mabomba, kisha joto na moshi hutoka juu. Na tundu la chini lina kazi nyingine ambayo wengi hawaijui: gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja haipandi, hutambaa sakafuni ikitafuta pa kutokea. Zibeni tundu hilo, nayo itajikusanya chini ya kitanda ikingoja cheche.

Mwali ukikosa hewa hubadilika rangi. Buluu huwa njano, masizi hujishika kwenye bomba, na hapo huzaliwa kaboni monoksidi, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la makaa ndani. Haina harufu wala rangi. Mzee aliwauliza wale wageni kama wamekuwa wakiamka na kichwa kizito. Mwanamke alimtazama mumewe, kisha akasema alidhani ni jua.

Dawa ya mchanga, kumbe, ni kugeuza gari tu, ubavu wenye matundu usielekee upepo. Hata mwali nao huponea hapo, maana kusi huuzima mara kwa mara. Friji nzuri ina kifaa kinachohisi joto la mwali. Ukizimika, hukata gesi chenyewe. Mzee hukijaribu kwa kuuzima makusudi na kusikiliza mlio wa kufunga, "tak". Asipousikia, hawashi tena. Chumvi ya bahari nayo hula kichomeo, na buibui hupenda kujenga humo, kwa hiyo hukifungua na kukisafisha kila msimu. Viungo vya mpira wa gesi huvipima uvujaji kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Kuna balaa jingine, nalo ni la kwetu. Mtungi wa mgeni ukiisha, huwa haujaziki hapa, basi hutafutwa njia ya kuunganisha mtungi wa kilo 6. Tunaujua mtungi huo: jiko hufungwa juu yake moja kwa moja, bila regyuleta. Friji nyingi za Ulaya zinataka shinikizo la milibari 30, nyingine za zamani za Kijerumani 50, na kibandiko ubavuni husema ni ipi. Mtungini shinikizo huweza kuzidi hapo mara mia. Baada ya mlipuko wa gesi wa Embakasi wa Februari 1, 2024, ulioua watu na kujeruhi zaidi ya 200, sielewi vipi bado tunaunganisha gesi kwa kukisia.

Na nani huyakagua magari haya? Anayelikodisha, anayelipokea kambini, au polisi wa barabarani? Niliuliza hoteli mbili za ufukweni. Kila moja ilidhani ni kazi ya mwingine. Na yale makasha madogo ya baridi ya gesi, ambayo hayana bomba la kutoa moshi nje na hayafai kuwashwa ndani ya gari wala hema, nani humwambia aliyekodi?

Nawaomba wanaokodisha magari Malindi na Watamu: kabla ya kukabidhi funguo, wekeni vifaa viwili vya kengele. Cha gesi ya mtungi kikae chini karibu na sakafu, cha kaboni monoksidi kikae karibu na anapolaza mtu kichwa. Kimoja hakifanyi kazi ya kingine. Na gari likitembea au likiingia kituo cha mafuta, mwali uzimwe na mtungi ufungwe.