Santuri Iliyorejea: Toleo la 2020 la Green ya Hiroshi Yoshimura na Suala la Toleo Halisi katika Muziki wa Mazingira

Ikisiri

Makala haya yanachunguza utoaji upya wa santuri ya Green, kazi ya mtunzi wa Kijapani Hiroshi Yoshimura (1940–2003), uliofanywa mwaka 2020 na kampuni ya Light in the Attic ya Marekani. Hoja kuu ni kwamba kutoa santuri upya si kunakili tu kitu kilichoadimika, bali ni kuamua ni toleo lipi, miongoni mwa yaliyopo, litakalosimama kuwa kazi yenyewe. Kwa Green, uamuzi huo unagusa kiini cha dhana ya muziki wa mazingira: je, mazingira ni kitu kinachotiwa ndani ya muziki, au ni mahali ambapo muziki unasikika?

1.0 Utangulizi

Istilahi ya Kijapani kankyō ongaku ina maana ya "muziki wa mazingira". Muziki huu ulistawi nchini Japani katika miaka ya 1980. Wasanii wake walichota mawazo kwa Erik Satie wa Ufaransa, aliyependekeza muziki unaokaa chumbani kama samani, na kwa Brian Eno wa Uingereza, ambaye santuri yake ya Ambient 1: Music for Airports ilitoka mwaka 1978. Hata hivyo, nchini Japani muziki huu ulipata makazi ya pekee katika majumba ya makumbusho, maduka na nyumba za maonyesho.

Maisha ya kisanaa ya Yoshimura yanadhihirisha jambo hilo. Santuri yake ya kwanza, Music for Nine Post Cards (1982), ilitolewa baada ya muziki wake kupigwa katika Jumba la Makumbusho la Hara jijini Tokyo na wageni kuanza kuulizia. Mwaka 1984 alitunga muziki kwa ajili ya kampuni ya vipodozi ya Shiseido, na mwaka 1986 alitoa Surround kwa ajili ya kampuni ya ujenzi wa nyumba ya Misawa. Green ilitoka mwaka huohuo wa 1986, lakini haikuagizwa na kampuni yoyote. Yoshimura aliirekodi nyumbani kwake kwa vinanda vya elektroniki. Ina vipande vinane, na majina yake yote, kama vile Creek, Sleep na Street, yanarudia irabu ndefu iliyomo katika neno Green lenyewe. Kwa maelezo ya mtunzi, jina hilo halikulenga rangi ya kijani tu, bali mandhari tulivu ya mzunguko wa maumbile.

2.0 Matoleo Mawili ya Kazi Moja

Toleo la Japani la mwaka 1986 lina sauti za vinanda pekee. Toleo lililoandaliwa baadaye kwa ajili ya soko la Marekani liliongezewa sauti za maumbile zilizorekodiwa. Kwa hiyo, msikilizaji wa Tokyo na msikilizaji wa Marekani walishika kazi yenye jina moja, lakini hawakusikia kitu kimoja.

Kwa miaka mingi santuri ya awali ilikuwa adimu, na nakala chache zilizokuwepo ziliuzwa kwa bei kubwa. Katika muongo wa 2010, muziki wa Yoshimura ulienea upya kupitia YouTube, ambako mfumo wa mapendekezo uliwafikishia wasikilizaji wengi ambao hawakuwa wamewahi kumsikia mtunzi huyu. Yoshimura mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki. Kampuni ilipoitoa santuri upya mwaka 2020, ilichagua mchanganyo wa awali wa Japani na kueleza kuwa ndio ambao mtunzi aliupendelea.

3.0 Maana ya Uchaguzi Huo

Tofauti kati ya matoleo haya si ya kiufundi tu. Sauti za maumbile zinapoongezwa, mazingira yanakuwa picha iliyomo ndani ya rekodi, na msikilizaji anahamishwa kutoka chumbani mwake na kupelekwa mahali pengine. Zinapokosekana, noti chache za kinanda zinaacha nafasi kati yake, na nafasi hiyo inajazwa na sauti za pale alipo msikilizaji: mvua juu ya paa, nyayo ukumbini, gari linalopita. Hapa maumbile hayaigizwi, bali yanaachiwa mlango wazi. Kwa mtazamo huu, toleo la awali linaafikiana zaidi na mawazo ya Yoshimura, ambaye tangu Music for Nine Post Cards alitunga akizingatia mahali na kile kinachoonekana dirishani.

Hata hivyo, uchaguzi huo una gharama. Toleo la Marekani nalo ni ushahidi wa kihistoria: linaonyesha jinsi soko la nje lilivyouelewa muziki huu, yaani kama kitulizo kilichohitaji alama za wazi za maumbile. Likisahaulika, sehemu ya historia ya upokeaji wa kazi hii itapotea. Isitoshe, matakwa ya marehemu yanatufikia kupitia kauli ya mchapishaji mwenye masilahi ya kibiashara. Kauli hiyo inaweza kuwa ya kweli kabisa, lakini mtafiti hana budi kuipima kama anavyopima ushahidi mwingine wowote. Wahakiki wa miswada ya tenzi wanalifahamu vyema tatizo hili: nakala inayochapishwa mara nyingi hugeuka kuwa ndiyo kazi yenyewe machoni pa vizazi vinavyofuata.

4.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa toleo la 2020 la Green ni tendo la uhariri na la ufasiri. Limerejesha wazo la msingi la mtunzi, kwamba muziki wa mazingira unakamilishwa na mahali unaposikilizwa, lakini pia limelisogeza pembeni toleo jingine lenye umuhimu wake wa kihistoria. Inapendekezwa kuwa mtafiti yeyote anayejadili muziki uliotolewa upya ataje mwaka, mchapishaji na mchanganyo alioutumia. Bila kufanya hivyo, watafiti wawili wanaweza kubishana kuhusu Green huku kila mmoja akiwa amesikiliza kazi tofauti.