Wachumao Kahawa: Asubuhi Moja Cheptais

Neno mkahawa, wasomaji wetu watukufu, limetokana na kahawa, na kahawa ni qahwa ya Waarabu. Waturuki waliichukua wakaiita kahve, Wataliana wakaifanya caffè, na leo vijana wetu wa Mombasa wakisema wanakwenda kefi hudhani wametamka neno la Kizungu. Ajabu ni kwamba katika mikahawa yetu mingi kahawa haimo. Utapata chai ya maziwa, mahamri, mbaazi za nazi na viazi vya karai. Kahawa yenyewe, ile tungu, ni ya mzee mwenye dele apitaye barazani jioni akigonganisha vikombe vyake.

Jambo hilo hilo tulilikuta Cheptais, na huko lilitushangaza zaidi, kwa sababu Cheptais ni nchi ya kahawa.

Ni mji mdogo ulio kwenye miteremko ya Mlima Elgon, katika kaunti ya Bungoma, si mbali na mpaka wa Uganda wa Lwakhakha. Mlima wenyewe una kimo cha mita 4,321, na wenyeji wa pande hizo wengi ni Wasabaoti. Tuliitwa huko kuozesha binti wa mtu aliyepata kusoma katika madrasa yetu. Ndoa ilikuwa baada ya adhuhuri, na asubuhi ilikuwa ya baridi ambayo sisi watu wa pwani hatuna nguo zake. Mwenyeji wetu akatuchukua kwenda kustaftahi penye tanuri la mikate, mahali palipo na meza nne na mabenchi, na nyuma yake tanuri la matofali liwashwalo kwa kuni tangu kabla ya alfajiri.

Kina mama watatuuliza kwanza juu ya mafuta, na wana haki kuuliza. Tuliuliza. Mwenye tanuri, mama mjane wa makamo, alituonyesha mkebe wa mafuta ya mboga na hamira yake, akasema nyama haiingii jikoni mwake hata siku moja, kwani harufu yake huharibu keki. Hakukasirika kuulizwa. Tunalitaja hili kwa sababu wako ndugu zetu wasafirio bara ambao ama hula chochote bila kuuliza, ama hushinda na njaa kwa kuona haya. Kuuliza kwa upole hakumuudhi mtu, na mwenye chakula safi hufurahi kuulizwa.

Mkate ulikuja moto. Ulikuwa wa duara, mzito kuliko boflo letu, na ganda lake lilivunjika kwa sauti. Ndipo tukaomba kahawa. Mama akaleta maziwa ya moto katika themosi, na pembeni akaweka kikopo cha unga wa kahawa ya kiwandani, ile ya kuyeyushwa kwa kijiko. Nyuma ya nyumba yake, hatua ishirini hivi, mibuni ilikuwa imeinama kwa matunda mekundu. Tulipomwuliza kwa nini hatupi kahawa ya pale, alicheka. "Sheikh, hiyo ni ya kuuza. Sisi tunakunywa chai."

Basi tuseme kidogo juu ya hiyo ya kuuza. Kahawa ya Elgon ni arabika. Mche huchukua kama miaka mitatu kabla ya kuzaa, na ukizaa matunda yake hayaivi pamoja. Tawi moja lina mabichi, yaliyoanza kugeuka na mekundu. Kwa hiyo haikatwi kama mahindi. Huchumwa tunda kwa tunda, mkono ukichagua, kisha wiki ijayo mtu anarudi kwenye mti ule ule. Siku hiyo hiyo matunda hupelekwa kwenye kiwanda cha ushirika, kama vile vyama vya pande za Chesikaki, yakapimwa, yakamenywa, yakalowekwa ili utelezi utoke, yakaoshwa na kuanikwa juu ya vitanda vya waya. Kilo sita au saba za matunda hutoa takriban kilo moja ya buni safi. Kutoka hapo huenda Nairobi kwenye soko la mnada, na sehemu kubwa huishia bandarini kwetu Mombasa, ikapakiwa melini. Wakenya wenyewe hunywa sehemu ndogo sana ya kahawa ya nchi yao. Sisi tunaokaa jirani na bandari hiyo huiona ikipita ndani ya makontena.

Si bure kwamba mkulima alizoea kuiona ni mali ya wengine. Inasimuliwa kuwa kahawa ilipandwa Kenya mwaka 1893 na wamishonari wa Kifaransa huko Bura, Taita. Kwa muda mrefu serikali ya kikoloni ilimzuia Mwafrika kuilima. Katika miaka ya 1930 ndipo ilipoanza kuruhusiwa kwa majaribio sehemu za Meru, Embu na Kisii, na ni mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliofungua mlango kwa wengi. Upande wa pili wa mlima huo huo, Wagisu wa Uganda walikuwa wamekwisha kuilima zamani, na mwaka huo huo wa 1954 walianzisha muungano wao wa ushirika wa Bugisu.

Na kabla ya hayo yote, kinywaji hiki kilikuwa chetu. Kilianza Yemen, katika karne ya 15, mikononi mwa masufi waliokinywa ili wakeshe katika dhikri. Muhammad al-Dhabhani, mufti wa Aden aliyefariki mwaka 1470, anatajwa miongoni mwa waliokieneza. Kilipofika Makka kilizua fitina: mwaka 1511 Khair Beg, msimamizi wa soko, aliwakusanya wanazuoni na matabibu akapiga marufuku kahawa, akachoma magunia yake, hadi amri kutoka Cairo ikamrudi. Wala si unga peke yake uliomuudhi. Ilimuudhi mikutano, watu kukaa pamoja usiku na kuzungumza. Hata leo malalamiko juu ya mikahawa ni hayo hayo, ila majina yamebadilika.

Lakini turudi kwa yule mama. Tulipokuwa tukila, waliingia wanawake wawili na vikapu, wametoka shambani, nguo za chini zimelowa umande. Waliagiza kikombe kimoja cha chai wakagawana, na mkate mmoja wakaukata nusu. Mwenyeji wetu aliwafahamu. Mmoja aliposikia sisi ni masheikh, alituamkia kwa heshima, kisha akauliza swali ambalo hatukulitarajia mahali pale. Alisema: "Mimi nachuma, mzee wangu ndiye anapokea. Jina la chama ni lake kwa sababu shamba ni lake. Dini yenu inasemaje?"

Hakuwa Mwislamu. Alitaka tu kujua. Nasi tukajibu kwa yale tuliyonayo, na tangu siku ile tumekuwa tukiyafikiri, kwa sababu katika lugha yetu kuchuma ni kuchuma tunda na kuchuma mali, neno moja, na Sura An-Nisaa imelitaja jambo hili wazi: mwanamume ana fungu lake katika alichochuma, na mwanamke ana fungu lake katika alichochuma. Madhehebu yetu ya Shafi haimlazimishi mke kulima shamba la mumewe. Akilima kwa mapenzi yake, ni wema wake. Akitaka ujira, autaje na wakubaliane mapema, kabla ya msimu kuanza, kwa maana wanazuoni wamehitalifiana juu ya aliyefanya kazi bila kutajiwa malipo, na khitilafu hiyo ikifika mbele ya khadhi ndoa huwa imekwisha chakaa.

Wenzetu wengine wametafuta njia. Huko Kericho, katika chama cha ushirika cha Kabngetuny, wanaume walishawishiwa kuwakabidhi wake zao sehemu ya mibuni, ili wanawake waandikishwe kama wanachama na malipo yafike mikononi mwao. Kifiqhi hiyo ni hiba, na hiba ya Shafi haikamiliki kwa maneno. Inataka kutoa, kukubali na kukabidhi. Na kukabidhi shamba au miti ni mtoaji kuondoa mkono wake na kumwachia mwenziwe autumie. Mume asemaye "ile mibuni ya chini ni yako" kisha akaendelea kupokea pesa zake, hajatoa kitu.

Sheria ya nchi nayo, ile ya mali ya ndoa ya mwaka 2013, inahesabu kazi ya shamba kuwa ni mchango wa mke katika mali. Sheria hiyo hiyo imempa Mwislamu nafasi ya kuhukumiwa kwa sharia ya Kiislamu katika jambo hili. Basi mzigo uko kwetu sisi masheikh na makhadhi, kuhakikisha kwamba dada zetu hawapati kwetu pungufu ya walichopewa na Mola wao.

Huenda mtu akasema: sisi watu wa pwani hatulimi kahawa, haya yanatuhusu nini? Tembea mitaa ya Majengo au Kisauni saa kumi na moja alfajiri. Utasikia mafuta yakilia kwenye karai katika nyumba baada ya nyumba. Ni kina mama wanakaanga mahamri ya kuuza, na watoto wanapita nayo katika bakuli kabla ya chuo. Fedha zinawekwa katika mkebe wa maziwa ya unga, juu ya kabati. Na katika kesi za ndoa tunazoletewa, mkebe huo hutajwa mara nyingi kuliko talaka. Mume alichukua mia tano ya nauli. Mume alichukua elfu mbili za deni. Mume naye hustaftahi mkahawani kwa vitumbua na supu, akaacha nyumbani shilingi 50 za watu sita, kwa hoja kwamba mama watoto ana biashara.

Hoja hiyo haina msingi. Chakula cha mke na watoto ni juu ya baba, hata mke awe tajiri kumshinda. Mke akisaidia kwa radhi, ana thawabu zake, na hawezi kugeuza sadaka iliyokwisha liwa kuwa deni. Lakini kilichochukuliwa mkebeni bila idhini, au kwa neno la "nitakurudishia", hicho ni deni kamili kama deni la dukani. Tunawanasihi kina mama waandike: tarehe, kiasi, na neno lililosemwa. Daftari la shule linatosha. Si kwa ajili ya ugomvi. Mume akifariki kabla ya kulipa, deni hilo hutolewa katika mali yake kwanza, pamoja na madeni ya watu wengine, kabla ya warithi kugawiwa chochote. Na mke huchukua fungu lake la urithi mbali, baada ya kulipwa deni lake.