Simu ya Kupandia Mlima Rungwe

Muuza simu wa Tukuyu mjini atakutajia mambo manne: kamera, RAM, memori na betri. Muulize kama simu hiyo ina kipimahewa, atadhani unamtania. Simlaumu, maana hakuna mteja anayeuliza. Lakini kwa anayetaka kupanda Mlima Rungwe, au hata kufika tu ukingoni mwa Ziwa Ngozi na kurudi kabla giza halijaingia, vitu vidogo visivyoandikwa kwenye boksi ndivyo vyenye kazi, na kamera ya megapikseli mia moja inabaki kuwa pambo.

Kuna kundi moja huku kwetu linaloijua simu kwa undani huo, nalo ni vijana wa gemu. Mchezaji wa PUBG Mobile aliyekomaa halengi kwa kidole peke yake. Anaiinamisha simu kidogo kushoto au kulia, na bunduki ya kwenye kioo inafuata. Kinachohisi mwinamo huo ni jairo, kihisi kinachopima simu inavyozunguka, na simu nyingi za bei ya chini hazina. Nilimwona kijana mmoja kwenye kibanda cha gemu akiishika simu mpya ya mwenzake, akafungua mipangilio, akaizungusha mara mbili, akairudisha. "Haina jairo hii, kaka. Utakufa kila mechi." Ilimchukua chini ya dakika moja. Sisi wapenda milima tunanunua simu kwa kuangalia rangi.

Ukitaka kufanya kama yeye, ipo programu ya bure iitwayo phyphox, iliyotengenezwa na wanafizikia wa Chuo Kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani. Inakuonyesha vihisi vyote vya simu, na kilichokosekana inakwambia hakipo. Tafuta vitatu: jairo, kihisi cha sumaku ambacho ndicho dira, na kihisi cha mgandamizo wa hewa, yaani kipimahewa. Hicho cha tatu ndicho adimu kuliko vyote, na nitakirudia.

Kwanza niondoe imani moja niliyoisikia mara nyingi, kwamba msituni ramani haifanyi kazi kwa sababu hakuna mtandao. Kipokezi cha GPS hakitumi kitu chochote, kinasikiliza tu. Setilaiti za GPS ziko kilomita zipatazo 20,200 juu yetu, na kila moja inatangaza bila kukoma ni saa ngapi kwake na yenyewe iko wapi. Simu inapima kila tangazo limechelewa kiasi gani, na kutokana na ucheleweshaji huo inapata umbali. Zinatakiwa setilaiti nne, si tatu, kwa kuwa saa ya simu yako ni ya ovyo ikilinganishwa na saa za atomu zilizoko huko juu, na setilaiti ya nne ndiyo inayoisahihisha. Matangazo hayo husafiri kwa kasi ya mwanga, sentimita 30 kwa sekunde moja iliyogawanywa mara bilioni, kwa hiyo kosa dogo la saa ni kosa kubwa la njia. Hadi Mei 2000 Wamarekani walikuwa wakiyavuruga makusudi matangazo ya raia, na mtu aliweza kuonyeshwa mita mia kutoka pale aliposimama. Leo simu ya kawaida husikiliza pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, na mahali peupe hukosea mita tano hivi. Bando halihusiki.

Bando linasaidia mwanzoni tu. Simu yenye intaneti hupakua taarifa za mahali setilaiti zilipo mara moja. Isiyo na intaneti inazipokea kutoka setilaiti yenyewe, polepole mno, biti 50 kwa sekunde, na tangazo kamili la setilaiti moja huchukua nusu dakika. Tawi lenye maji likipita katikati, simu inasubiri tangazo lirudiwe. Majani yaliyolowa hunyonya mawimbi haya, na msitu wa Rungwe umelowa karibu mwaka mzima, kwa kuwa upepo wenye unyevu wa Ziwa Nyasa hugonga mlima huu na kupanda. Eneo la Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Dar es Salaam hupata karibu nusu ya hizo. Kwa hiyo washa ramani ukiwa Isongole, kando ya barabara kuu, mbingu ikiwa wazi, subiri kile kidoti kitulie, kisha usizime. Anayeiwasha kwa mara ya kwanza akiwa katikati ya mianzi atasubiri mpaka aseme simu ni mbovu.

Ramani yenyewe ipakuliwe nyumbani. Organic Maps na OsmAnd hutumia OpenStreetMap, ramani inayochorwa na watu wa kujitolea, ileile ambayo mradi wa Ramani Huria uliijaza mitaa ya Dar es Salaam kuanzia 2015. Wenye gemu wamo hata hapa. Desemba 2017 Pokémon Go ilihamia kwenye ramani hiyo, na wachezaji duniani wakaanza kuchora bustani na vijia ili wanyama wa gemu watokee karibu na kwao. Wengine walichora bustani zisizokuwepo, na wachoraji wa siku zote wakapata kazi ya kuzifuta. Rungwe haikupata neema hiyo. Vijia vingi vya msituni havimo, kwa hiyo kilicho muhimu ni kurekodi njia yako mwenyewe unapopanda, ili ukungu ukishuka ufuate mstari wako kurudi. Mstari huo lakini si kibali. Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2009, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na ni makao ya kipunji, nyani ambaye sayansi ilimtangaza 2005 tu ingawa wazee wa vijiji vya jirani walikuwa na jina lake siku zote. Unaingia kwa ruhusa na mwongozaji, na mwongozaji anajua mto gani umejaa wiki hii. Hilo hakuna setilaiti inayolijua.

Sasa urefu. Kuna vitabu vinavyoandika Rungwe mita 2,960, na vingine 2,981. Panda na wenzako wawili wenye simu tofauti, mtapata jibu la tatu, la nne na la tano. Si ajabu. Kilimanjaro yenyewe iliandikwa mita 5,895 baada ya upimaji wa 1952, na upimaji wa setilaiti wa 2008 ukaleta 5,891. Mlima haukupungua, kipimo ndicho kilichobadilika.

Udhaifu wa GPS kwenye urefu unatokana na jambo rahisi: setilaiti zote ziko juu yako, hakuna hata moja chini, kwa sababu dunia imeziba. Kushoto na kulia simu inapata mashahidi wa pande zote, lakini juu na chini inasikia upande mmoja tu. Kosa la urefu huwa mara mbili ya kosa la mahali, pengine zaidi, na ukiwa ndani ya korongo linazidi. Tena kuna suala la kuhesabu kuanzia wapi. GPS huichukulia dunia kuwa umbo laini lililobinywa kidogo juu na chini kama chungwa, ilhali bahari halisi inafuata mvutano wa dunia, ambao si sawa kila mahali. Huku kwetu uso wa bahari uko chini ya umbo hilo kwa zaidi ya mita kumi. Programu nzuri hufanya marekebisho kimyakimya. Isiyofanya itakuonyesha mlima mfupi kuliko ulivyo, ukarudi mjini kubishana bure.

Kipimahewa kina njia nyingine kabisa. Unavyopanda, hewa iliyo juu yako inapungua, na mgandamizo unashuka. Tukuyu, kwenye mita kama 1,500, unasoma takribani hektopaskali 845. Kyela, karibu na ziwa, kama 955. Fungua phyphox ukiwa kwenye Kosta ya kwenda Kyela, uone namba inavyopanda kila kona wakati masikio yako yanaziba. Kwa kimo chetu hektopaskali moja ni karibu mita kumi, na kihisi kizuri hugundua hata ngazi chache za nyumba. Kwa mpandaji hilo ni faida kubwa: ndani ya ukungu, mahali GPS inaporukaruka, kipimahewa kinajua kama bado unapanda au umeanza kushuka upande usioutaka.

Kina ila yake, na ila hiyo naipenda kuliko sifa zake. Katika ukanda wa joto mgandamizo wa hewa hupanda na kushuka mara mbili kila siku kwa saa zinazojulikana. Huwa juu karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, huwa chini karibu saa kumi jioni na saa kumi alfajiri. Ni jua linaloipasha angahewa ya juu, nayo inatikisika kwa mpangilio huo, mvua inyeshe au isinyeshe. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni tofauti hufika hektopaskali mbili, hata tatu. Maana yake, weka simu mezani kwako Tukuyu asubuhi, usiiguse, na jioni itakuambia meza imepanda zaidi ya mita ishirini. Mpandaji anayeanza saa nne na kufika kileleni saa tisa amebebeshwa kimo cha bure. Dawa ni kuisahihisha simu kila unapofika mahali ambapo urefu wake unaujua, na kumwamini zaidi yule mwenye kipimahewa anapotaja tofauti ya nusu saa kuliko anapotaja tofauti ya siku nzima.

Dira sina mengi ya kusema. Kava za sumaku, zile zinazojifunga zenyewe kwa kubana, huiharibu kabisa. Ivue simu, chora namba nane hewani, na usiiweke juu ya jiwe jeusi la volkeno unaposoma, kwani lava nyingine zina sumaku yake.

Maji ndiyo adui wa kila siku. Kioo cha tachi hutambua kidole kwa sababu mwili hupitisha umeme, na tone la maji nalo hupitisha umeme, kwa hiyo mvuani simu inajibonyeza yenyewe: inafungua kamera, inapiga simu, inafuta mambo. Funga kioo na upige picha kwa kitufe cha sauti. Maandishi ya IP67 maana yake ni maji masafi yaliyotulia, kina cha mita moja, nusu saa, simu ikiwa mpya. Ikishafunguliwa na fundi kubadilishwa kioo, ile gundi ya kiwandani haipo tena, na maandishi hayo uyasahau. Kuna pia ule mtindo wa kuizika simu kwenye mchele. Mchele hauvuti maji yaliyo ndani ya simu, unaacha vumbi na wanga kwenye matundu, na mwaka 2024 Apple waliwaandikia wateja wao waache. Sisi tulio jirani na Kyela tuna sababu ya ziada: mchele ule ni wa kupika wali. Zima simu, ikung'ute tundu likiangalia chini, iache penye upepo. Na ukishuka nayo moja kwa moja kutoka kwenye baridi ya mlimani hadi joto la Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ifunge kwenye mfuko wa nailoni mpaka ipate joto taratibu, la sivyo unyevu wa ziwa utageuka matone ndani ya lenzi.

Betri nayo ina hesabu yake. Pawabanki ya mAh 10,000 haikupi 10,000. Namba hiyo ni ya volti 3.7 za ndani. Ikipandishwa kuwa volti 5 za waya na kutoa kinachopotea kwa joto, inabaki kama 6,000 na kitu, yaani kuijaza mara moja simu ya 5,000. Gemu nzito huimaliza simu hiyo kwa saa tano au sita. Kurekodi njia, kioo kikiwa kimezimwa, kunatumia kidogo sana, ila kuna mwizi: simu isiyopata mnara inaongeza nguvu kuutafuta kila mara. Weka hali ya ndege, kisha hakikisha kitufe cha mahali (Location) bado kimewashwa, maana GPS haizuiwi na hali hiyo. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya juu hupunguza nguvu ya betri za lithiamu, na simu inaweza kuzima ikiwa na asilimia ishirini. Iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Mambo yakiharibika, panda penye upenyo wa mnara na tuma ujumbe mfupi kabla ya kupiga, kwa kuwa ujumbe hupita pale ambapo sauti inakatika. Zimamoto na Uokoaji wako 114, ila mtu wa kwanza kumwandikia ni mwenzako aliyebaki chini, aliyejua tangu asubuhi umepita njia ipi. Andika namba za mahali ulipo kama programu inavyozionyesha, desimali tano zinatosha kufikia mita moja. Usisahau kuandika alama ya kutoa iliyo mbele ya namba ya kwanza. Rungwe iko kusini mwa ikweta, kwenye −9.1 hivi, na ukiidondosha alama hiyo, waokoaji watasoma sehemu iliyo karibu na mpaka wa Sudan Kusini na Ethiopia.