Lebo za HTML na Uhifadhi wa Matini ya Kiswahili

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza namna lebo chache za HTML zinavyotumika kupanga matini ya Kiswahili katika ukurasa wa wavuti. Hayamlengi mtaalamu wa kompyuta. Yanamlenga mwalimu au mwanafunzi wa isimu aliyenakili masimulizi ya wavuvi wa Mahagi-Port, kando ya Ziwa Albert, na ambaye sasa anataka yasomwe Bunia, Lubumbashi na Dar es Salaam bila kupotoshwa. Tunadai kwamba kuweka lebo ni kuichambua matini, wala si kuipamba tu. Kwa hiyo anayezitumia ovyo huweza kuiharibu data yake mwenyewe.

2. Lebo na kazi zake

HTML ilibuniwa na Tim Berners-Lee alipokuwa katika kituo cha utafiti cha CERN, Geneva, na maelezo ya kwanza ya lebo zake yalitolewa mwaka 1991. Lebo huandikwa baina ya alama mbili za pembe. Lebo ya kufungua hutangulia, na ile ya kufunga, yenye mkwaju, hufuata:

<p>Hii ni aya moja.</p>

Kwa utaratibu huohuo, <h1> hadi <h6> huonyesha vichwa kwa ngazi zake, <ol> na <ul> hufungua orodha yenye nambari na isiyo na nambari, na <blockquote> hutenga dondoo ndefu. Lebo hizi humwambia msomaji, na pia programu inayosoma kwa sauti kwa ajili ya asiyeona, kila sehemu ya matini ni kitu gani.

3. Nafasi na mistari

Kivinjari huzifanya nafasi nyingi zilizofuatana kuwa moja, na mwisho wa mstari pia hukifanya nafasi. Katika nathari hakuna hasara. Katika ushairi hasara ni kubwa, kwani mishororo ya ubeti huungana ikawa aya. Inafaa basi kila ubeti uwe ndani ya <p>, na kila mshororo umalizwe kwa 
.

Tatizo ni zito zaidi pale mgawanyo wa maneno wenyewe unapokuwa data. Mfano mzuri ni historia ya Elisabethville iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa Kiswahili cha Katanga. Johannes Fabian aliichapisha kitabuni mwaka 1990, na mwaka 2001 ikawekwa kwenye wavuti katika mfululizo wa Archives of Popular Swahili. Mwandishi huyo hakufuata mgawanyo wa maneno wa Kiswahili sanifu, na kwa mtafiti jambo hilo ni ushahidi wa namna alivyoisikia lugha yake. Matini ya aina hiyo ikitakiwa kuonyeshwa pamoja na nafasi na mistari yake ilivyo, huwekwa ndani ya <pre>, lebo inayokiamuru kivinjari kisibadili nafasi.

4. Italiki moja, maana nyingi

Katika kitabu, italiki huonyesha msisitizo, jina la kitabu, neno la kigeni, na hata istilahi inayofafanuliwa. Jicho huona umbo moja. Msomaji hubaki kukisia maana. HTML hutenganisha: <em> ni msisitizo, <cite> ni jina la kazi, <dfn> ni istilahi inayofafanuliwa, na <i>, kwa mujibu wa HTML5 ya mwaka 2014, hufaa kwa neno la lugha nyingine. Kwa hiyo mwanaisimu asichague lebo kwa kutazama umbo linalotokea. Ajiulize kwanza kwa nini neno hilo limelazwa.

5. Mtego wa alama za pembe

Wanaisimu huziweka herufi za othografia ndani ya alama za pembe. Tukiandika <dh> bila hadhari, kivinjari hudhani kuwa ni lebo kisichoifahamu, na msomaji haoni chochote. Makala kuhusu othografia huweza hivyo kupoteza mifano yake yote. Dawa ni kuandika &lt;dh&gt;, nayo itaonekana kama <dh>.

6. Kuitaja lugha

Toleo la 4 la HTML, la mwaka 1997, lilileta sifa iitwayo lang, inayotaja lugha ya matini. Kiswahili kina msimbo sw. Orodha ya kimataifa ya ISO 639-3, iliyotolewa mwaka 2007, imekipa Kiswahili cha Kongo msimbo wake, swc. Kialur, kinachozungumzwa Mahagi, ni alz. Tutazame mfano huu:

<p lang="swc">Niko naenda ku soko na <i lang="fr">pirogue</i>.</p>

Bila lang, programu ya kusahihisha tahajia iliyoundwa kwa Kiswahili sanifu itaweka alama ya kosa chini ya ku soko, na mhariri asiye mwenyeji huenda akaandika sokoni. Sentensi itakuwa sanifu, lakini haitakuwa tena ya msemaji wetu. Neno lang="swc" halionekani na msomaji wa kawaida; hata hivyo ndilo linalotamka kwamba hapa pana lugha yenye kanuni zake, si Kiswahili kilichokosewa.

7. Hitimisho

Lebo tulizozieleza ni chache, na mwanafunzi huweza kuzijaribu kwa programu yoyote ya kuandikia matini sahili, hata pasipo intaneti. Tunapendekeza zifundishwe pamoja na kanuni za unukuzi wa data, kwa kuwa kazi hizo mbili ni moja. Daftari la nyanjani huloa, huliwa na mchwa, au hupotea wenye nyumba wanapohama. Ikibaki nakala ya kompyuta peke yake, msomaji wa kesho ataijua sauti ya mvuvi kwa kadiri tu tulivyoiwekea lebo leo.