Tumbaku na Mizani ya Ubongo

Katika jani la tumbaku mna sumu iitwayo nikotini. Jina hilo latokana na Jean Nicot, balozi wa Ufaransa huko Ureno, aliyepeleka tumbaku kwa wakubwa wa nchi yake mwaka 1560 hivi.

Mtu akivuta sigara, nikotini hupita mapafuni, huingia katika damu, na baada ya sekunde 10 hadi 20 imekwisha fika kichwani. Huko hufungua milango midogo sana ya ubongo, na ubongo hutoa kitu kiitwacho dopamini. Kazi ya dopamini ni kumwambia mtu: "Jambo hili ni jema, lirudie." Hutoka pia mwenye njaa anapokula ugali na ndagala, na hapo husema kweli.

Sasa mtazame mvuvi wa Kalundu, karibu na Uvira. Usiku kucha amevua kwa taa, asubuhi ameuza, ana faranga mkononi. Anunue sabuni aliyoagizwa na mkewe, au sigara? Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso hupima mambo kama hayo: raha ya sasa upande huu, faida ya kesho upande ule. Lakini nikotini ni kama kidole cha mwuzaji mdanganyifu kinachokandamiza mizani. Kwa muda wa saa 2 hivi nusu yake imekwisha toka katika damu. Ndipo mvuvi hukosa utulivu, na hasira yaja upesi. Sigara yaonekana nzito, sabuni nyepesi. Hakuna aliyemlazimisha, amechagua mwenyewe, ila kwa mizani iliyopotoka. Wanaomwita mpumbavu hawakutazama vizuri. Naye husema sigara imemtuliza. Ni kweli, lakini imetuliza taabu iliyoletwa na sigara iliyotangulia.

Wavutaji wengi ulimwenguni walianza kabla ya kutimiza miaka 20. Ile sehemu ya nyuma ya paji haikomai mpaka miaka 25 hivi. Basi mizani yao ilikandamizwa ingali ikitengenezwa.

Mtu akiacha, siku za kwanza ndizo ngumu kuliko zote. Ile milango ya ubongo, ambayo uvutaji uliizidisha, hupungua tena baada ya majuma kadhaa, ikawa kama ya mtu asiyevuta. Kumbukumbu haziondoki upesi hivyo. Harufu ya moshi ufukoni, au rafiki anayewasha kiberiti, huweza kuamsha tamaa hata baada ya mwaka.