Ruta iko Gando, fundi yuko Unguja

Skuli au kituo cha afya cha Gando, Pemba, kikikosa mtandao, aghalabu anayejua kuurudisha hayuko Gando. Yuko Chake, yuko Unguja, au yuko Dar es Salaam. Akiamua kuja mwenyewe kutoka Unguja atapanda boti hadi Mkoani au Wete, au ndege hadi uwanja wa Pemba, kisha gari, na mwisho barabara ya Wete–Gando. Siku nzima inakwisha, na huenda kosa lenyewe ni mstari mmoja wa maandishi ndani ya ruta. Safari za namna hiyo nyingi zinaepukika. Kuziepuka kunahitaji laptopu, programu ndogo ya terminali, na mtu aliyejiandaa kabla mambo hayajaharibika. Hilo la tatu ndilo linalosahaulika.

Ruta, swichi, redio za mnarani na vifaa vingi vya kusimamia sola havina kioo wala kibodi. Ndani yake mna mfumo unaosubiri amri za maandishi na kujibu kwa maandishi. Zamani aliyetaka kuzungumza na kompyuta alikaa mbele ya mashine maalumu: kwanza ile ya kupiga chapa kwenye karatasi, kama Teletype Model 33 ya mwaka 1963, baadaye ya kioo. Iliyovuma kuliko zote ni VT100 ya kampuni ya Digital Equipment, iliyotoka 1978, yenye mistari 24 ya herufi 80. Mashine hizo leo utazikuta makumbusho, ila lugha yake bado inasemwa. PuTTY, ambayo Mwingereza Simon Tatham alianza kuitoa bure mwaka 1999, Tera Term, na dirisha jeusi la Linux, zote hujifanya VT100 au jamaa yake. Kifaa kikituma alama ya kufuta mstari au kupandisha kishale, programu inaielewa na kuitekeleza. Ruta haijui kama upande wa pili pana laptopu ya juzi au mashine ya 1978, wala haina haja ya kujua.

Ukongwe huo ndio faida yake kwa sehemu kama Gando. Kioo kizima cha VT100 ni herufi 1,920, yaani chini ya kilobaiti mbili. Picha moja ya simu hufika megabaiti mbili au tatu, sawa na vioo zaidi ya elfu moja vya maandishi. Laini ya simu iliyochoka kiasi cha kushindwa kufungua ukurasa wa mipangilio wenye rangi na vitufe bado inaweza kubeba amri na majibu yake. Nawasihi mafundi vijana wajifunze amri kwanza, kurasa za rangi baadaye, kwa sababu siku ya shida kurasa hizo ndizo zinazotangulia kugoma.

Njia ya kwanza ya kukifikia kifaa ni waya. Karibu kila ruta kubwa ya kazi ina tundu la konso, na mawasiliano yake yanafuata kanuni ya RS-232 iliyoanza 1960. Laptopu za leo hazina tundu la aina hiyo, kwa hiyo fundi hubeba adapta ya USB. Akiichomeka, Windows huipa jina kama COM3 au COM5, na jina hilo ndilo analoliandika kwenye PuTTY pamoja na mwendo. Vifaa vingi vya Cisco husema kwa biti 9600 kwa sekunde. MikroTik zenye tundu hilo kwa kawaida husema kwa 115200. Miendo isipolingana kioo hujaa takataka: vijisanduku, alama za kuuliza, herufi zenye nukta mahali pasipo pake. Anayeanza hudhani ruta imekufa. Badilisha mwendo, bonyeza Enter mara mbili, na jina la ruta litatokea na kishale kikimetameta mbele yake. Kioo kikiwa kitupu kabisa, shuku waya kwanza. Waya wa konso si waya wa kawaida wa mtandao, ingawa vichwa vyao vinafanana.

Waya huu hauhitaji mtandao wowote, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Pemba inapata umeme wa bara kwa kebo ya chini ya bahari tangu 2010, lakini umeme ukikatika na kurudi ghafla, ruta yaweza kuwaka ikakwama katikati, ikisubiri amri kabla haijafungua hata poti moja. Aliye Unguja haioni kabisa. Aliye na waya anasoma kila mstari inaouandika tangu inapowashwa, na anajua ilipokwama. Tatizo ni urefu: kwa kawaida RS-232 haivuki mita 15 hivi.

Kuvuka bahari kunataka njia ya pili. Kwa miaka mingi ilikuwa Telnet, ambayo mizizi yake ni ya 1969, na ambayo hupitisha kila kitu wazi, neno la siri likiwamo. Mwaka 1995, baada ya mtu kunasa maneno ya siri katika mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki alikokuwa, Tatu Ylönen wa Finland aliandika SSH, inayofunga mazungumzo yote kwa usimbaji. Leo Telnet haina nafasi kwenye kifaa kinachoonekana kutoka nje. Mwaka 2016 virusi vya Mirai viliteka kamera na ruta kwa maelfu mengi duniani kwa kubisha hodi kwenye Telnet na kujaribu orodha fupi ya maneno ya siri ya kiwandani. Kama ruta ya skuli yenu bado inafunguka kwa neno iliyokuja nalo dukani, libadilisheni leo. Zana za kuingilia hazigharimu kitu: PuTTY ni bure, na Windows 10 imebeba SSH ndani yake tangu 2018.

Kuna kizuizi kinachowashangaza wengi. Ruta inayotumia laini ya simu kwa kawaida haina anwani yake yenyewe kwenye intaneti. Inashiriki anwani moja na wateja wengine wengi wa mtandao wa simu. Ukiwa Unguja huwezi kuibishia hodi. Dawa ni kugeuza mwelekeo: kifaa cha Gando ndicho kipige simu kwenda kwenye seva ya taasisi na kuiacha laini wazi, kwa VPN au kwa njia ya kinyume ya SSH, kisha fundi apite humo humo kurudi. Mpango huu lazima uwekwe mapema. Baada ya kifaa kupotea, huna pa kuuwekea.

Hatari kubwa ya kazi ya mbali ni fundi mwenyewe. Anaongeza sheria ya kuzuia wageni, anasahau kuruhusu anwani yake, anabonyeza Enter, na kioo kinaganda. Amekata tawi alilokalia, na sasa boti haiepukiki. Watengenezaji wanalijua jambo hili na kila mmoja ameweka kinga. Kwenye Cisco, andika reload in 10 kabla ya kugusa chochote: ruta itajizima na kuwaka baada ya dakika kumi na kurudia mipangilio iliyohifadhiwa, isipokuwa uifute amri hiyo. Kwenye Juniper kuna commit confirmed, ambayo hurudisha hali ya zamani baada ya dakika kumi usipothibitisha. Kwenye MikroTik bonyeza Ctrl na X kuingia hali ya usalama, na laini ikikatika mabadiliko yote hutenguliwa. Kwangu mimi, fundi anayebadilisha ruta ya mbali bila kuwasha kinga hizi hajafaulu hata kama kazi imekwenda vizuri. Amebahatika, na kituo cha afya hakipaswi kutegemea bahati yake.

Kwa mtandao unaokatikakatika, fungua programu ya tmux au screen kwenye seva unayopitia, ili kazi iendelee hata laini ikianguka katikati ya amri ndefu. Programu ya Mosh, iliyotoka 2012, husaidia pale majibu yanapochelewa.

Bado kuna siku ambayo hakuna njia inayofika isipokuwa waya, na hapo Gando inahitaji mtu wake. Sioni kuwa lazima awe mhandisi. Kijana aliyepita kituo cha mafunzo ya amali cha Daya Mtambwe au Vitongoji anaweza kufundishwa kuchomeka adapta, kuchagua COM na mwendo, na kusoma kwa simu kilichoandikwa kwenye kioo, herufi kwa herufi, bila kukisia. Ndani ya sanduku la ruta ibandikwe karatasi yenye jina la kifaa, mwendo wa konso, na namba ya simu ya fundi. Neno la siri lisiandikwe hapo. Lifungiwe ofisini kwa mwalimu mkuu au daktari dhamana.

Taasisi yenye uwezo kidogo iongeze kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, iliyochomekwa kwenye konso na yenye laini ya simu ya mtandao tofauti na ule mkuu, na betri yake. Kisha ijaribiwe siku ya mapumziko, kijana akiwa amesimama pembeni na simu mkononi: njia kuu izimwe kwa makusudi, fundi wa Unguja aingie kwa laini ya pili, asome ruta imekaa hai kwa muda gani, na aiwashe tena njia kuu akiwa huko huko aliko. Akishindwa, kijana yupo na waya, na kasoro imeonekana kabla wanafunzi hawajarudi.